TB ya mgongo: vidonge peke yake, au vidonge pamoja na kisu?

Karatasi ya ridhaa ililetwa saa 3 asubuhi, nasi ndugu sita tukaizunguka pale ukumbini kama watu wanaosoma barua ya msiba. Mdogo wangu alikuwa wodini, kijana wa miaka 27, miguu imekuwa mizito kiasi kwamba kwenda msalani alishika ukuta. Baba mdogo alisema aliyepasuliwa mgongo harudi nyumbani kwa miguu yake. Shangazi akauliza, "Hivyo vidonge si vya kifua? Mtoto anaumwa mgongo, vitamfaa nini?" Nesi alikuwa na haraka, daktari yuko chumba cha upasuaji. Tulitakiwa kusaini kabla hatujaelezwa tunachagua kati ya nini na nini.

Hatukusaini asubuhi ile. Na tangu siku hiyo nimeuliza maswali mengi, nimekaa kwenye benchi la kliniki ya TB kila mwezi kwa mwaka mzima, nimesoma kila nilichoweza kukielewa. Haya ninayoandika ndiyo niliyotamani mtu atuwekee mezani siku ile.

Kosa letu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba kuna njia mbili zinazopingana: wa vidonge huku, wa kisu kule. Vidonge vimo katika njia zote mbili. Hakuna daktari bingwa anayeweza kuikata TB yote akaimaliza, na mgonjwa aliyepasuliwa vizuri kisha akaacha dawa ataharibikiwa tu. Kwa hiyo swali la kumuuliza daktari ni hili: kisu kitaongeza nini ambacho vidonge haviwezi?

Kwanza jua kinachobana

Jina la ugonjwa lenyewe linapotosha. Ukisema mtu anaumwa uti wa mgongo, wengi husikia homa ya uti wa mgongo, ile inayokaza shingo na kuua kwa siku chache. Huu ni kifua kikuu kilichosafiri kwa damu, mara nyingi kutoka mapafuni, hadi kwenye pingili, yaani mifupa iliyopangana kuunda mgongo. Mgonjwa anaweza asikohoe hata siku moja. Mdogo wangu hakukohoa. Aliumwa mgongo miezi mitano, usiku zaidi kuliko mchana, akatokwa jasho, akapungua mwili, na muda wote huo alikuwa akimeza diclofenac za duka la dawa na kukandwa mgongo na mzee mmoja wa mtaani kwetu. Dawa ya maumivu ilifunika ugonjwa. Kukandwa ndiko kunakonitisha hadi leo, maana mgongo ulioliwa ndani haufai kubinywa wala kuvutwa.

Karibu nusu ya TB yote ya mifupa na viungo hukaa mgongoni, hasa sehemu ya kifuani na pale kifua kinapokutana na kiuno. Daktari Mwingereza Percivall Pott aliueleza ugonjwa huu mwaka 1779, na ndiyo maana kwenye mafaili bado huandikwa "ugonjwa wa Pott". Kimelea chenyewe hakukijua, maana Robert Koch alikitangaza Machi 1882. Ila Pott aliona sawasawa kwamba kigongo mgongoni na kupooza miguu huandamana.

Huandamana kwa sababu vimelea hula pingili kwa mbele, ule upande unaobeba uzito, si ile miiba unayoipapasa kwa nyuma. Mbele pakiliwa, pingili huporomoka kama ukuta wa udongo uliolowa upande mmoja. Mgongo unainama, na nyuma panachomoza kigongo. Katikati ya pingili hizo unapita ugwe wa mgongo, yaani fungu kuu la mishipa ya fahamu linalopeleka amri miguuni, kwenye kibofu na kwenye haja kubwa. Ugwe huo unaweza kubanwa na vitu viwili vya aina tofauti kabisa.

Cha kwanza ni kilaini: usaha, na uvimbe unaozunguka usaha. Cha pili ni kigumu: kipande cha mfupa uliokufa, mabaki ya diski (kile kitenganishi laini kati ya pingili na pingili) yaliyosukumwa nyuma, au kona yenyewe ya mgongo uliopinda. Ukilielewa hili, nusu ya uamuzi umeshaufanya. Kilaini mara nyingi huyeyushwa na vidonge. Kigumu hakiyeyuki, hata umeze dawa miaka miwili. Ndiyo maana MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, ina thamani kubwa hapa, kwani ndiyo inayoonyesha vizuri usaha ni upi, mfupa ni upi, na ugwe umebanwa kiasi gani. Eksirei ya kawaida huchelewa: mfupa unaweza kuwa umepoteza theluthi nzima au zaidi kabla picha haijaonyesha kitu.

Vidonge peke yake

Dawa ni zile zile za TB ya mapafu, kwa muda mrefu zaidi. Miezi 2 ya kwanza ni dawa nne ndani ya kidonge kimoja: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambuto. Baada ya hapo hubaki rifampisini na isoniazidi. TB ya mapafu ya kawaida huisha kwa miezi 6. Ya mgongo hupewa miezi 9 hadi 12, na mwongozo wa Kenya unataka 12 kamili: 2 ya dawa nne, 10 ya dawa mbili. Huku kwetu dawa hizi hazilipiwi kwenye vituo vya serikali, na mratibu wa kifua kikuu wa wilaya anaweza kukuhamishia kliniki ya karibu na nyumbani.

Shangazi aliuliza kama vinafaa kwa mgongo. Swali hilo lilishajibiwa zamani. Kabla ya dawa, watu walilazwa miezi na hata miaka, wengine ndani ya vitanda vya plasta, wakingoja mfupa uungane wenyewe. Dawa zilipopatikana, Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza liliendesha majaribio miaka ya 1960 na 1970 Korea, Hong Kong, India na Bulawayo, mji ambao leo uko Zimbabwe. Masan, Korea, waliwalinganisha waliolazwa kitandani miezi 6 na waliotembea tangu mwanzo: kulala hakukuongeza kitu. Pusan, huko huko Korea, waliwalinganisha waliovikwa jaketi la plasta na wasiovikwa: jaketi halikuongeza kitu. Bulawayo waliwalinganisha waliosafishwa kwa upasuaji na waliomeza dawa tu huku wakitembea: kule kusafisha hakukuongeza kitu. Wengi sana walipona kwa dawa, na zilikuwa dawa dhaifu kuliko za leo, maana rifampisini haikuwa sehemu ya tiba katika majaribio hayo matatu.

Mwaka 2006 wachambuzi waliyakusanya majaribio mawili yenye wagonjwa 331 jumla, wakauliza: je, kila mgonjwa wa TB ya mgongo apasuliwe? Hawakuona ushahidi wa kutosha kusema ndiyo.

Lakini soma vizuri ni nani walioingizwa kwenye majaribio yale. Waliokuwa wamepooza kiasi cha kushindwa kutembea hawakuchukuliwa. Kwa hiyo mtu akikwambia "utafiti umeonyesha vidonge vinatosha", muulize vinatosha kwa nani. Kwa anayetembea, ndiyo, mara nyingi sana. Kwa ambaye miguu inaondoka, majaribio yale hayakumgusa.

Ugumu wa njia hii ni urefu wake. Mwezi wa kwanza mkojo unakuwa wa rangi ya machungwa na mgonjwa anashtuka; hiyo ni rifampisini, si hatari. Macho kuwa ya manjano pamoja na kutapika ni ini, na hapo unarudi kliniki siku hiyo hiyo. Kuona rangi vibaya au ukungu ni ethambuto, nalo ni la kurudi haraka. Isoniazidi huweza kuleta ganzi na moto kwenye nyayo, ndiyo maana hupewa na vitamini B6, na hapa ndipo familia huchanganyikiwa: ganzi hii ni ya dawa au ni ya mgongo? Ya dawa mara nyingi huanzia vidoleni mwa miguu yote miwili na kuchoma, wakati nguvu bado ipo. Ganzi inayopanda juu, huku miguu ikikosa nguvu au kukaza na kurukaruka, ihesabu kuwa ni ya mgongo mpaka daktari aseme vinginevyo.

Anayetumia ARV aseme mapema. Rifampisini hupunguza nguvu ya dolutegravir, mojawapo ya ARV, hivyo dolutegravir hutolewa mara 2 kwa siku badala ya mara 1. Hali kadhalika vidonge vya uzazi wa mpango havitegemewi tena wakati huo.

Kuna jambo jingine ambalo vidonge haviahidi, nalo ni kunyoosha. Vinaua vimelea na mfupa unaungana, ila unaungana ulivyopinda. Mtu mzima anayetibiwa kwa dawa tu huongeza wastani wa nyuzi 15 za kupinda, na 3 hadi 5 kati ya 100 huishia na kigongo cha zaidi ya nyuzi 60. Kigongo kikubwa namna hiyo si suala la sura tu. Hubana mapafu, na baada ya miaka mingi, TB ikiwa imeshapona na kusahaulika, ugwe unaovutwa juu ya kona hiyo unaweza kuchoka na miguu ikapooza upya. Kupooza huko kwa baadaye ndiko kugumu zaidi kukutibu.

Vidonge pamoja na kisu

Upasuaji wa TB ya mgongo una kazi tatu: kuondoa kinachobana, kuziba pengo la mfupa ulioliwa, na kuufunga mgongo usiendelee kuporomoka. Hong Kong, madaktari A. R. Hodgson na F. E. Stock waliandika mwaka 1956 jinsi walivyoingia kwa mbele, wakakwangua ugonjwa wote, wakaweka kipande cha mfupa wa mgonjwa mwenyewe mahali palipobaki wazi. Majaribio ya baadaye pale pale yalionyesha kwamba pingili za waliofanyiwa hivyo ziliungana mapema na mgongo haukupinda kama wa wengine. Hiyo ndiyo faida halisi ya kisu kwa mgonjwa anayetembea: mgongo ulionyooka zaidi. Katika kupona TB yenyewe, tofauti haikuwa kubwa.

Siku hizi wengi hupasuliwa kwa nyuma, wakati mwingine kwa kuzungukia ubavuni hadi mbele, na skrubu na fito za titani hufungwa juu na chini ya palipoharibika. Tuliogopa sana habari ya chuma ndani ya jipu. Daktari alitueleza kwamba vimelea vya TB havipendi kujenga utando juu ya chuma kama wanavyofanya bakteria wengine wa usaha, kwa hiyo chuma hukubalika maadamu dawa zinaendelea.

Sasa lile neno "mbele" nililosema mwanzo. Kuna upasuaji uitwao laminektomia, wa kuondoa kifuniko cha mfupa kwa nyuma ili ugwe upate nafasi. Kwa mzee aliyebanwa na mifupa ya uzee unasaidia. Kwa TB iliyokula mbele, kuondoa nyuma bila kufunga chochote ni kuondoa nguzo ya mwisho iliyobaki: mgongo unaweza kuporomoka zaidi na kupooza kukaongezeka. Ukiona laminektomia peke yake kwenye karatasi ya ridhaa ya mgonjwa wa TB ya pingili, usione haya. Uliza kwa heshima, "Daktari, mgongo utafungwa na nini baada ya hapo?" Swali hilo moja lina uzito kuliko mengine yote niliyojifunza.

Gharama ya kisu ni kubwa kwa kila namna. Kuna damu, kuna dawa ya usingizi kwa mtu aliyekwisha kukonda, kuna kidonda kuingia wadudu, kuna skrubu kulegea kwenye mfupa laini, na kuna hatari, ndogo lakini ya kweli, ya ugwe kuumizwa pale pale mezani. Baba mdogo hakuwa anasema uongo. Alichokosea ni kulinganisha hatari ya kisu na usalama, wakati mdogo wangu hakuwa salama kwa kubaki kitandani. Na pesa: vidonge ni bure, ila MRI, chuma na damu mara nyingi humrudia ndugu. Tena si kila hospitali ya mkoa inaweza kazi hii. Tanzania watu hupelekwa taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili, au hospitali za KCMC Moshi na Bugando Mwanza. Kenya, Hospitali ya Kenyatta Nairobi.

Kisu kina faida moja ambayo husahaulika: kinyama. Kipande kinachotolewa hupelekwa maabara, na mashine ya GeneXpert hutoa jibu kwa saa 2 hivi kama ni TB na kama imekuwa sugu kwa rifampisini. Hata hivyo kinyama si lazima kipatikane kwa kufungua mgongo. Sindano ndefu inayoongozwa na CT, yaani eksirei ya kompyuta, huweza kukichukua bila kulaza mtu mezani.

Ukiziweka ubavu kwa ubavu

Wodini kulikuwa na mama mmoja, kitanda cha pili kutoka kwa mdogo wangu, mfanyabiashara wa sokoni. Naye alikuwa na TB ya mgongo, naye miguu ilikuwa imelegea. MRI yake ilionyesha jipu kubwa, pingili zimeliwa kidogo, mgongo umesimama wima. Hakupasuliwa. Alianzishwa vidonge, akavaa mkanda wa mgongo, na kila asubuhi daktari alimwambia, "Mama, sukuma mkono wangu kwa mguu." Wiki ya tatu alisukuma kwa nguvu zaidi. Wiki ya tano alisimama mwenyewe.

Picha ya mdogo wangu ilionyesha pingili mbili zimeporomoka na kipande cha mfupa kimesukumwa nyuma. Alipasuliwa. Siku ya nne aliketi, wiki ya pili akasimama na wanaofanya mazoezi ya viungo, na leo anatembea, mguu wa kushoto ukiburuta kidogo akichoka. Wodi moja, ugonjwa mmoja, dawa zile zile. Kilichowatofautisha ni kilichobana.

Kwa kasi ya kurudi kwa miguu, kisu kinashinda pale kinachobana ni kigumu au hali inaporomoka. Kwa kuzuia kigongo, kisu kinashinda tena, lakini faida hiyo ina maana kwa yule ambaye pingili zake zimeliwa sana. Kwa aliyeliwa kidogo ni kulipia kitu ambacho angekipata bure. Kwa kuua TB, sare. Kwa pesa, umbali na hatari ya wiki za kwanza, vidonge vinashinda bila ubishi. Muda wa kumeza dawa haubadiliki: aliyepasuliwa hapunguziwi hata mwezi.

Daktari S. M. Tuli wa Varanasi, India, aliandika mwaka 1975 juu ya kile alichokiita njia ya kati: dawa kwa wote, kisu kwa anayekihitaji. Naona bado ndiyo njia yenye akili kwa nchi kama zetu. Anayekihitaji ni yule ambaye miguu inazidi kulegea licha ya dawa, au haikuonyesha nafuu baada ya wiki 3 hadi 4. Aliyepooza kabisa tangu alipofika. Ambaye mgongo wake umelegea na kuchezacheza au unaelekea kwenye kigongo kikubwa. Ambaye jipu la shingoni linamzuia kumeza au kupumua. Na ambaye baada ya vipimo vyote bado haijulikani anaumwa nini.

Mtoto ana hesabu yake. Mfupa wa mtoto bado unakua, na kigongo chake huweza kubadilika hata baada ya TB kupona. India walifuatilia watoto 61 kwa miaka 15: kwa 39 kati ya kila 100 kigongo kiliongezeka walipokuwa wakikua, kwa 44 kilipungua chenyewe, na kwa 17 kilibaki vilevile. Kwa hiyo mtoto aliyepona aendelee kuonwa na daktari wa mifupa mpaka amalize kukua, hata kama anacheza mpira.

Pale ambapo hakuna kuchagua

Mkojo ukifunga ghafla au kuanza kutoka bila kujua, ganzi ikishika makalio na sehemu za siri, pale panapogusa tandiko mtu akipanda punda, miguu ikipoteza nguvu kwa saa au kwa siku chache, usikae kikao cha ukoo. Nenda usiku huo huo. Mshipa wa fahamu uliobanwa kwa muda mfupi unarudi. Uliobanwa muda mrefu hufa. Kinachotabiri zaidi jinsi mtu atakavyotembea baada ya upasuaji ni jinsi alivyokuwa anatembea kabla yake.

Kama si TB

Usaha wa mgongoni una wenyewe wengine, na hapa ulinganisho unageuka kidogo. Bakteria wa kawaida wa usaha, hasa Staphylococcus aureus, huja kwa kasi: homa kali, maumivu ya siku au wiki chache, mara nyingi kwa mwenye kisukari, anayesafishwa damu kwa mashine kwa kuwa figo zimeshindwa, au aliyekuwa na jipu mahali pengine. Damu huoteshwa maabara kabla ya antibayotiki, isipokuwa hali ikiwa mbaya kiasi cha kutosubiri. Tiba ya kawaida ni wiki 6. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2015, wagonjwa 351, ulionyesha wiki 6 hazikuwa duni kuliko wiki 12. Na ule wa Uingereza wa 2019, wagonjwa 1,054 wenye maambukizi ya mifupa na viungo, ulionyesha kwamba vidonge vilivyochaguliwa vizuri havikuwa duni kuliko dripu ndefu. Lakini usaha huu ukijikusanya karibu na ugwe na miguu ikaanza kulegea, hausubiriwi wiki 3 kama wa TB. Hufunguliwa siku hiyo.

Kwa wafugaji na wote tunaopenda maziwa mabichi kuna brusela, bakteria wanaotoka kwa mifugo. Hupenda kiuno, homa yake huja na kuondoka, na hutibiwa kwa miezi 3 au zaidi kwa doksisaiklini pamoja na rifampisini au sindano za streptomaisini au jentamaisini. Kisu hakihitajiki mara nyingi. Angalia mtego: rifampisini na streptomaisini hugusa brusela na TB pia. Ukianzishwa kwa kubahatisha unaweza kupata nafuu ya uongo, kisha TB iliyopigwa nusu ikajifunza kuwa sugu. Ndiyo maana ninasisitiza kinyama.

Na wengi wenye maumivu yanayoshuka mguuni hawana maambukizi yoyote. Diski imetoka na kubana mshipa mmoja. Kwao subira ina ushahidi mzuri: Uholanzi mwaka 2007 waliwafuatilia wagonjwa 283 waliokuwa na maumivu makali ya mguu kwa wiki 6 hadi 12. Nusu walipangiwa kupasuliwa mapema, nusu wakaambiwa wasubiri. Waliopasuliwa walipata nafuu haraka zaidi, na katika waliosubiri 39 kati ya 100 hatimaye walipasuliwa. Ila mwaka ulipofika, makundi yote mawili yalikuwa sawa: 95 kati ya 100 walikuwa wamepona. Kwa diski, basi, kisu hukununulia muda. Tahadhari ya mkojo na tandiko inabaki ile ile.

Maswali tuliyomuuliza daktari

Jioni ya siku ile daktari alikuja, bado amevaa nguo za chumba cha upasuaji. Tulimwamkia, tukamwomba dakika kumi. Akavuta kiti, jambo ambalo sitalisahau.

Tulimuuliza kinachobana ni usaha au mfupa. Akainua picha kwenye mwanga akatuonyesha kwa kalamu. Tukauliza kinyama kimeshachukuliwa? Bado, kingechukuliwa mezani. Tukauliza atapita wapi na atafunga kwa nini. Kwa nyuma hadi ubavuni, skrubu nane. Tukauliza nani atamgeuza kitandani kila baada ya saa 2 asipate vidonda vya kulalia, maana wodini manesi walikuwa wawili kwa wagonjwa thelathini. Hapo alisema wazi kwamba itabidi ndugu tupange zamu, akatufundisha kumgeuza kama gogo, mabega na nyonga kwa pamoja, bila kuukunja mgongo.

La mwisho aliliuliza shangazi, yule yule aliyeona vidonge ni vya kifua tu. "Mwanangu, tukisema tusubiri kwanza, wewe utaangalia nini ili ujue kwamba tumekosea?"

Daktari alikwenda kitandani, akakishika kidole gumba cha mguu wa kulia wa mdogo wangu. "Kiinue." Kikainuka, taratibu. "Mama, nitakuja kesho saa 12 asubuhi. Kikishindwa kuinuka, sitasubiri tena."

Saa 12 asubuhi kidole hakikuinuka. Baba mdogo ndiye aliyeomba kalamu.